Tulikwenda Kumfunda Bibi Harusi, Tukafundwa na Punda



Harusi ya binti wa mjomba wetu ilitupeleka Ngombezi, nje kidogo ya mji wa Korogwe. Tulikuwa ndugu watatu kutoka Unguja. Tulivuka bahari hadi Tanga, tukapanda basi, mabegi yamejaa khanga, udi na halua. Sisi ndio dada wakubwa wa ukoo, tukajua tunakwenda kumfunda bibi harusi.

Mjomba alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya katani. Sasa amezeeka, ana punda wawili wa kuteka maji na kubeba kuni. Mmoja ni kihongwe wa kawaida. Mwengine ni jike mrefu wa rangi ya majivu, na huyu ndiye fahari yake. "Huyu ana telki," alituambia kabla hata hatujamaliza chai.

Tulicheka, maana neno hilo tulikuwa hatujalisikia tangu bibi yetu afariki. Telki ni mwendo wa punda au farasi ulio wa haraka kuliko kutembea, lakini si matiti wala si shoti. Mnyama akienda matiti, miguu miwili hutua pamoja kwa mshazari, kisha hujirusha, na aliyekaa juu anatikisika mpaka meno. Kwenye telki kila mguu hutua peke yake, moja, mbili, tatu, nne, na daima kuna mguu ulioko chini. Mpandaji anateleza kama yumo kwenye mashua siku ya bahari shwari.

Msidhani haya ni mambo ya wanaume. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1886, anasimulia kwamba watoto wa jumba walianza kufunzwa kupanda wakiwa wadogo sana. Wavulana walipewa farasi, na wasichana walipewa punda wakubwa weupe wa Maskati, ambao mara nyingi walikuwa ghali kuliko farasi wa kawaida. Na sisi tunaopita kila siku barabara ya Bububu, karibu na magofu ya Mtoni alikozaliwa, tulikuwa hatujawahi kukaa juu ya punda.

Bara huku farasi hakuwa na bahati. Mbung'o na maradhi vilimmaliza katika sehemu nyingi, punda akavumilia zaidi. Ndiyo maana elimu ya mwendo mzuri, kwetu, ilikaa kwa punda.

Asubuhi iliyofuata mjomba alitandika soji aliyoishona kwa magunia ya katani, lakini kwanza alipitisha kiganja mgongoni mwa punda, taratibu, akitafuta kidonda au uvimbe. "Mgongo ukiuma, hakuna telki," alisema. "Atakwenda, lakini atakwenda kwa chuki." Kisha akatuita. Tulivaa suruali pana chini ya baibui, tukafunga mitandio vizuri, na uwanja ulikuwa wa ndani, hakuna macho ya watu.

Aliyetangulia ni mdogo wetu wa kati. Tunaandika habari zake kwa idhini yake. Wakati ule alikuwa amerudi kwa mama miezi minane, ugomvi na mumewe umefika mahali hata sisi tumechoka kuusikiliza. Alipanda kwa hasira, akampiga punda visigino mbavuni huku amezikamata hatamu kwa nguvu. Punda akainua kichwa, akazunguka, akasimama. Dada akampiga tena, na hatamu akazivuta zaidi, asije akaanguka. Punda akagoma kabisa.

Mjomba hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwanangu, unamwambia nenda na unamwambia simama kwa wakati mmoja. Afanye lipi?"

Dada alinyamaza. Kisha tukaona machozi. Tukadhani ameumia, tukakimbia kumshusha. Akatikisa kichwa, akasema, "Hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nampigia simu kila saa aje nyumbani. Akija, namnunia."

Hakuna aliyecheka, wapenzi. Kila mmoja wetu aliyakumbuka ya nyumbani kwake.

Siku tatu tulifunzwa, kila siku muda mfupi, kabla jua halijawa kali. Masomo yenyewe ni haya. Anza kwa kutembea, mpaka punda alegeze shingo. Ukitaka haraka zaidi, mwombe kwa mguu mara moja, kisha acha. Akianza kuvunja mwendo aingie matiti, usimvute. Kaa wima, funga vidole kidogo juu ya hatamu kama unayekamua limau, kisha fungua. Kule kufungua ndiyo shukrani yake, ndiko kunakomwambia kwamba amefanya vizuri. Na shuka kabla hajachoka, ili kesho akuone arudi.

Si kila punda ana telki. Ni kipawa cha kuzaliwa nacho. Hata kwa farasi, mwaka 2012 wanasayansi walichapisha kwamba wengi wenye miendo ya aina hii wana badiliko katika jeni moja, DMRT3. Lakini kipawa hicho mkono mbaya hukiharibu. Fimbo inaweza kumtoa punda shoti. Telki haitoki kwa fimbo.

Huko Puerto Riko na Kolombia wapo farasi wa Paso Fino. Kwenye maonyesho hupitishwa juu ya ubao mrefu, waamuzi wakisikiliza kwato kama zinalingana. Mjomba hajawahi kusikia habari hizo, lakini naye ana ubao wake, mbao mbili juu ya mfereji nyuma ya nyumba. Siku ya tatu dada alipita hapo. Mjomba alifumba macho. Tak, tak, tak, tak, bila kukosea. "Hiyo," alisema.

Usiku ule, wakati wa kumpaka bibi harusi hina, tulikumbushana hadithi ya Mama Aisha, Allah amridhie, alipopanda ngamia mgumu akawa anamvuta huku na huku, na Mtume, sala na salamu zimshukie, akamuusia upole. Tumeisikia darasani mara nyingi. Safari hii tuliisikia mikononi.

Tuwe wazi, maana tunajua mtakayosema. Mume si punda, wala mke si punda. Na mwanamke anayepigwa asiambiwe alegeze mkono. Huyo akimbilie kwa watu wake na kwa kadhi, na sisi tuko naye. Tunasema habari za mikono yetu wenyewe, ya sisi tunaoomba jambo na kuliadhibu linapokuja.

Bibi harusi alituuliza, "Basi mnanifunda nini?" Tulikuja na mafundisho ya usiku mzima. Tukamwambia moja tu: ukiomba kitu ukapewa, fungua vidole.

Dada alitoka nje na simu. Alimuuliza mumewe amelalaje, amekula nini, akamwambia usiku mwema, akakata. Hakuongeza neno. Yaliyofuata ni ya nyumba yake, hatuyaandiki.

Na ule msemo wetu kwamba shukrani ya punda ni mateke? Tulimtajia mjomba. Alikuwa anamfuta punda jasho chini ya soji. Akasema, "Muulizeni kwanza alipewa nini."

Allah azitie upole nyumba zetu, na awabariki maharusi wote wa mwezi huu. Amin.