Picha ya Babu haikupotea

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Kuna walionitumia ujumbe kuuliza kama nimehamia Dar. Sijahama. Nipo hapa hapa Makambako na upepo wangu na vumbi langu. Leo siandiki bei ya viazi wala malori yaliyolala kwenye barabara ya kwenda Zambia. Nataka kusema jambo lililonikaa kooni tangu Desemba 2022, nalo linahusu picha.

Mnaonifahamu mnajua kamera ndiyo inayonilisha. Nimepiga wakubwa wakikata utepe, nimepiga ajali huku watu wananifokea, nimepiga mkutano wa kampeni nikiwa nimening'inia kwenye gari, na mkono haukutetemeka. Lakini niambie nipige picha ya familia, watu kumi wamejipanga wananitazama mimi, basi jasho litanitoka hata kama ni mwezi wa saba Njombe. Na mwezi wa saba Njombe mnaujua, asubuhi unatoka nje unakuta majani yana barafu.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nafikiri ni kwa sababu kwenye kazi ya habari napiga watu wanaotazama kwingine. Mheshimiwa anatazama utepe, mimi kwake ni kama nguzo ya umeme. Kwenye picha ya familia kila jicho linakuja kwako, na kila mmoja anakusubiri wewe umalize. Ndipo unapoanza kuharakisha ili usiwachoshe. Na ukiharakisha, umekwisha.

Basi bwana, Krismasi ya 2022 ukoo wa upande wa baba tulikutana kwa shangazi, hapa Makambako. Tulikuwa thelathini na ushee. Babu aliletwa kutoka kijijini, amevaa koti lake la kijivu na pama lake la siku zote. Tulipomaliza kula, saa saba na nusu mchana, shangazi akaniita: "Mwandishi, hebu tupige picha, baba akiwa bado na nguvu zake."

Nikawapanga mbele ya ukuta mweupe, juani kabisa, kwa sababu kichwani kwangu picha nzuri ni picha yenye jua. Wafupi mbele, warefu nyuma, kama darasa la tano. Watoto wakaanza kulia. Baba mdogo mmoja akasema jua linatuua, harakisha kijana. Nikabonyeza mara nne, nikasema kwa sauti kubwa, "Tayari, imetoka safi!" Sikuwa nimeangalia hata moja.

Jioni nikafungua kompyuta. Desemba jua la mchana huku kwetu linakuwa karibu utosini, kwa hiyo kila mtu alikuwa na mashimo meusi mahali pa macho. Ukuta mweupe nao uliidanganya kamera. Kipima mwanga chake kikaona weupe mwingi, kikapunguza mwanga wa picha nzima, na nyuso zetu zikazama gizani. Babu ndiye aliyeumia zaidi. Chini ya pama palikuwa na giza na kidevu. Nilijaribu kumng'arisha kwa programu, akatoka chengachenga kama unga wa dona. Nikafunga kompyuta. Nilijiambia nitarudia Pasaka.

Machi 2023 Babu akafariki.

Kwenye msiba ilitakiwa picha ya kuweka mezani, pale kwenye kitabu cha rambirambi. Watu wakapekua simu zao zote. Mwisho wakachukua kitambulisho chake, wakakipiga picha, wakaikuza. Ikatoka ina vimraba vimraba, na maandishi ya kitambulisho yanapita karibu na sikio. Shangazi akaja akaniuliza taratibu, "Ile ya Krismasi je?" Nikamjibu kwamba kompyuta iliharibika, picha zote zikapotea. Akaniangalia kidogo, akasema, "Pole, baba."

Hiyo "pole, baba" ndiyo iliyonifanya nianze kujifunza upya. Nilikuwa nalipwa kwa kupiga picha na sikujua kumpiga babu yangu.

Nilianza kwa kuangalia kazi za wapiga picha wa zamani, wale wa enzi za filamu ambao hawakuwa na nafasi ya kubonyeza mara mia. Aliyenifungua macho ni Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio nyumbani kwake mwaka 1948. Watu aliwapiga uani, kwa mwanga wa asili, na nyuma yao alitundika kitambaa. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo kitambaa hicho kilikuwa shuka la kitandani kwake mwenyewe. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Moja! Tazama nyuso zile zilivyotulia. Kazi ilikuwa imeshafanyika kabla ya kubonyeza: mtu amekalishwa, shingo imegeuzwa kidogo, mikono imepewa mahali pa kukaa. Mimi nilikuwa nafanya kinyume chake. Nabonyeza kwanza, halafu naomba Mungu.

Pili nikajifunza kuogopa jua na kupenda kivuli. Watu chini ya mwembe au upenuni, nyuso zikielekea upande ulio wazi wenye anga, wanatoka vizuri kuliko juani saa saba. Ngozi zetu nyeusi zinataka mwanga laini na mwingi, unaotoka upande mmoja, ili shavu na paji la uso vionekane vina umbo. Na tusijilaumu peke yetu kwa picha zetu za zamani kuwa nyeusi tii. Kwa miaka mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Sisi hatukuwa kwenye hesabu.

Tatu, wenye simu msidhani nawasahau. Futa kioo cha kamera kwanza, kimejaa mafuta ya chapati. Gusa uso wa mtu kwenye skrini, kisha panda na kile kialama cha jua mpaka uso uonekane, hata kama ukuta wa nyuma utaungua kidogo. Usitumie ile lenzi pana kwa sababu tu watu hawaenei. Waliopo pembeni watanenepa na watakununia mwaka mzima. Rudi nyuma hatua tano.

Haya yote unaweza kuyajua na bado ukatetemeka. Nayajua sasa, na bado nilitetemeka Juni 2024.

Bibi mzaa mama anaishi Njombe, upande wa Kibena. Alinipigia mwenyewe, kwa simu ya jirani. "Mume wangu, njoo na hicho kidude chako. Nataka picha na watoto wangu wote." Nikauliza kuna sherehe gani. Akasema hakuna sherehe, nimezeeka tu.

Kutoka Makambako mpaka Njombe ni kama kilomita sitini. Nilipanda Kosta ya jioni, nikakaa dirishani, mipaini inapita na baridi inaongezeka, na mimi tumbo linanguruma. Nilikuwa na betri mbili, kadi mbili za kumbukumbu, na Babu kichwani.

Usiku ule sebuleni kwa bibi niliiangalia picha moja ambayo nimeiona tangu utoto. Ni ya mama mdogo, aliyefariki mwaka 2003. Ni ndogo kama ya paspoti, imekatwa kwa mkasi kutoka kwenye picha ya kundi la harusi ya mtu mwingine. Begani kwake kuna vidole vya mtu ambaye hatumjui. Watoto wake wawili walilelewa na bibi, na hiyo ndiyo sura pekee ya mama yao waliyonayo. Kwetu nyumba kama hizo si chache. Utafiti wa kitaifa wa 2011-12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa Njombe wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana virusi vya UKIMWI, kiwango kikubwa kuliko mkoa mwingine wowote. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Mama mdogo hakuziwahi. Kwa hiyo mtu akiniambia picha ya familia ni mambo ya urembo, huwa simjibu.

Kulipokucha, ukungu. Ule wa Njombe hasa, huoni hata choo cha jirani. Mjomba akasema tusubiri jua litoke. Zamani ningekubali. Nikamwambia, "Mjomba, shikamoo yako, lakini leo huu ukungu ndio taa yangu." Maana ukungu ni kama shuka kubwa jeupe limetandazwa mbinguni, mwanga unashuka sawasawa kwa kila mtu, hakuna wa kukunja macho wala wa kuvaa kivuli. Saa mbili asubuhi tukatoa benchi, viti viwili na mkeka.

Hapo nikafanya jambo ambalo limenisaidia kuliko lenzi yoyote: sikuwapanga mimi. Nilimkalisha bibi katikati, nikamwambia, "Bibi, sasa wapange watu wako." Ee, mngemwona! "Wewe njoo kulia kwangu, wewe ndiye kifungua mimba. Huyu ni mkwe, hawezi kukaa ananigusa bega, apite kule mwisho. Nyie wawili," yaani watoto wa mama mdogo, ambao sasa ni watu wazima wenye ndevu, "kaeni hapa miguuni." Ningepanga kwa urefu, wale wawili ningewapeleka nyuma kabisa. Ningejuaje? Anayejua nani akae wapi ni mwenye familia. Na wakati wanapangana walinisahau. Hakuna jicho hata moja lililokuwa kwangu kwa dakika kama kumi, nami nikapata nafasi ya kuhema na kutengeneza mashine yangu.

Niliweka kamera kwenye stendi, kimo cha macho ya waliokaa. Lenzi ya milimita 50. Uwazi wa lenzi f/8, maana safu zilikuwa tatu na sikutaka wa nyuma watoke na ukungu wa pili juu ya ule wa Mungu. Kasi 1/160, watoto walikuwa wameambiwa watulie lakini watoto ni watoto. Nikapiga moja ya kujaribu, na safari hii NIKAIANGALIA. Nikaikuza mpaka kwenye uso wa bibi. Ulikuwa na giza kidogo, nikaongeza mwanga.

Kisha wakanigeukia wote. Na mkono ukaanza. Bibi akauona, yule bibi ambaye anasema haoni hata kutia uzi kwenye sindano.

"Mume wangu, unatetemeka nini?"

Nikasema ukweli. "Naogopa nisikuharibu, bibi, kama nilivyomharibu Babu."

Kukawa kimya. Sikuwa nimepanga kulisema, limetoka lenyewe. Mama yangu akaniangalia, maana yeye naye alikuwa anaamini ile habari ya kompyuta. Bibi akafikiri kidogo, akasema, "Basi usiharakishe. Sisi hatuendi popote."

Sijui niwaelezeje. Ile sentensi ilinishusha mabega. Nikawaambia wote wafumbe macho, nikihesabu tatu wafumbue. Mkifanya hivi hampati mtu aliyefumba, na wakifumbua huwa wanacheka kidogo, hasa mjomba mmoja akichelewa. Nikapiga. Nikawaambia tena. Nikapiga. Nilipiga kama arobaini, huku naongea nao, namwambia huyu kofia ipande juu kidogo, huyu mikono ashike magoti. Mtoto mmoja akakimbia, tukamngoja arudi. Hakuna aliyelalamika. Hofu yote ile ya kuwachosha watu, kumbe watu hawachoki kama wanaona unawajali.

Siyo picha kamilifu, nisijisifu. Mkwe wetu pale mwisho amekatika kiwiko, na kuku mmoja ameingia kushoto. Lakini macho ya bibi yapo, yote mawili, na ndani yake ukitazama vizuri unaona anga jeupe la Njombe.

Niliisafisha kwa ukubwa wa A4 hapa Makambako, nikaitia fremu ya mbao, nikairudisha mwenyewe Jumamosi iliyofuata. Bibi aliishika karibu na uso kwa muda mrefu. Halafu akaitundika chini ya ile ndogo ya mama mdogo, akasogea nyuma, akarudi, akaisogeza tena kidogo kulia mpaka watoto wale wawili waliokaa mkekani wakawa chini kabisa ya mama yao.

Mama hajanisema kwa shangazi, ameniambia hiyo ni kazi yangu mwenyewe. Nimepita mbele ya geti la shangazi mara tatu mwezi huu. Najua binamu zangu wanapita hapa kusoma na mmojawapo atamsomea, ila naomba mniachie mpaka Jumapili. Nitakwenda baada ya ibada, na zile picha nne nitakuwa nazo kwenye bahasha, hivyo hivyo zilivyo na giza lake. Shangazi, hazikupotea.