Kilima kimeungua na vuli inakuja: usirudie kosa langu

Msimu wa kuandaa mashamba umefika, na kama kawaida kuna vilima vimeshaungua. Mmoja amechoma mabaki ya mazao upepo ukamzidi nguvu, mwingine amerina asali kwa moto. Ukizimika, watu wote hushusha pumzi. Leo nataka nikuambie kwamba hapo ndipo hatari ya pili inapoanza, nayo ni mafuriko ya matope. Nalijua hili kwa sababu niliwahi kukosea, na kosa langu nusura limuue mtoto.

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi katika kijiji kimoja cha milima ya Uluguru. Kilima kilicho juu ya senta kiliungua mwanzoni mwa Oktoba. Vijana wakaniuliza, "Bwana shamba, tunaweza kuyashusha yale magogo tukauza kuni?" Nikaona miti imeshakufa na watu wana shida ya hela, nikasema sioni tatizo. Baada ya siku kumi kilima kilikuwa kipara.

Nikakumbuka korongo linaloshuka hadi senta. Nikahamasisha kazi ya pamoja, tukajenga ukuta mmoja wa mawe katikati ya korongo, mrefu kunizidi mimi, juu umenyooka kama benchi. Tukapiga picha, nikauandika kwa kujisifu kwenye taarifa yangu ya mwezi.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha jioni, haikufika hata nusu saa. Maji yalishuka meusi kwa majivu, yakajaa nyuma ya ukuta, yakatafuta njia pembeni, yakachimba ukingo, na ukuta wote ukaondoka kwa mara moja. Matope, mawe na visiki viliingia kwenye duka la mama mmoja anayeuza nafaka. Magunia kumi na mawili ya mahindi yaliharibika. Mwanaye wa miaka minne alikuwa amelala chumba cha nyuma. Jirani alivunja dirisha akamtoa, matope yakiwa yameshafika kwenye godoro.

Kesho yake nilikwenda kumpa pole. Aliniambia, "Wewe ndiye uliyesema ukuta utatulinda. Ndiyo maana sikuhama." Sikuwa na jibu.

Kwa nini mvua ndogo ilileta balaa?

Majani na takataka za msituni hupunguza nguvu ya matone ya mvua na kuyapa maji muda wa kuzama ardhini. Moto unaondoa vyote hivyo. Tena moto mkali hugeuza mafuta yaliyomo kwenye majani na takataka kuwa mvuke, unaoingia kwenye udongo, ukapoa na kutengeneza tabaka linalokataa maji, kama ngozi iliyopakwa mafuta. Maji yanateleza juu yake yakishuka na majivu, udongo na mawe.

Hata nchi tajiri zinakumbwa na hili. Huko California, Marekani, moto uliopewa jina la Thomas uliunguza milima mnamo Desemba 2017. Tarehe 9 Januari 2018 mvua kali ya dakika chache iliporomosha matope na mawe juu ya mji wa Montecito, watu 23 wakapoteza maisha. Baadaye walifunga nyavu za chuma kwenye makorongo ili zinase mawe. Sisi hatuna nyavu hizo, lakini mawe, magogo na nguvu kazi tunavyo.

Pima kwanza

Panda kilimani na kikombe cha maji. Ondoa majivu juu ya udongo, dondoshea maji, kisha hesabu taratibu hadi tano. Tone likikaa juu bila kuzama, udongo huo unakataa maji. Rudia sehemu kadhaa, na chimba sentimita chache upime tena, maana mara nyingine tabaka hilo liko chini kidogo.

Kisha fanya haya kabla ya mvua

1. Usiondoe magogo. Yalaze kukingama na mteremko kwa kufuata kontua. Tumia fremu A kama tunayotumia kwenye fanya juu. Kila gogo lizamishe kidogo ardhini, lishikilie kwa vigingi upande wa chini, na ziba uwazi wowote kwa udongo. Gogo lililoinuka huelekeza maji sehemu moja na kuanzisha korongo jipya.

2. Tandaza mabua ya mahindi au nyasi kavu kwenye udongo mtupu. Pale panapokataa maji, kwaruza kwa reki au jembe ili kuvunja tabaka, ukifuata kontua, usiende juu-chini.

3. Kwenye korongo jenga vizuizi vingi vifupi, visizidi mita moja. Anzia juu. Katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo. Ingiza mawe ndani ya kingo zote mbili, walau nusu mita, na panga mawe mengine chini ya kizuizi pale maji yanapoangukia. Kilele cha kizuizi cha chini kilingane na kitako cha kile cha juu.

4. Safisha mitaro na makalavati. Kalavati lililoziba kwa visiki hugeuza barabara kuwa mto. Likihitaji matengenezo makubwa, mwambie mtendaji wa kijiji apeleke taarifa TARURA mapema.

5. Mvua zikishatulia, panda matete au vetiva kandokando ya vizuizi. Mawe yananunua muda, mizizi ndiyo inayomaliza kazi.

Kama eneo ni hifadhi ya msitu, pata kibali kwanza kabla ya kugusa chochote.

Kwako mwenye duka au ghala

Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Viroba vya mchanga vijaze nusu tu ili vilale vizuri, vipange kama matofali, na elekeza maji kwenye mtaro, siyo kwa jirani. Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mvua kubwa ikitangazwa, watoto na wazee wasilale karibu na korongo.

Usidanganyike na mawe

Msimu uliofuata tulirudi kwenye korongo lile tukajenga vizuizi tisa vifupi. Yule mama alibeba mawe pamoja nasi. Tulipomaliza cha mwisho akaniuliza, "Na hivi navyo vitabomoka?"

Mara hii nilimjibu ukweli: "Vinaweza, mama. Vinapunguza kasi, havizuii kila kitu. Mvua kubwa ikianza usiku, ondoka na mtoto." Akatikisa kichwa, akasema, "Hilo ndilo ungeniambia mwaka jana."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikimbilia ukuta nikaacha nyufa zote kule kilimani. Kama kilima chenu kimeungua, usinisubiri nifike. Kesho asubuhi chukua kikombe cha maji na jirani mmoja, mpande mkapime.