Fimbo ya Sangara katika Kijito cha Ikonda



Wapendwa wasomaji, juma hili mtatuwia radhi, kwani tunawapeleka mtoni, na habari yenyewe haitupi sifa.

Miongoni mwa wagonjwa wanaoletwa katika hospitali ya Wamisionari wa Consolata hapa Ikonda wamo waliotoka mbali sana. Mzee mmoja, mvuvi wa Ukerewe, alifika na mkewe aliyehitaji upasuaji. Upasuaji ulikwenda vema, lakini juma la pili mama yule akakataa chakula. Uji hautaki, ugali hautaki. Aliloweza kutamka ni samaki. Wala si dagaa waliokauka, bali samaki aliyetoka majini siku ile ile. Mumewe alikuja kwetu ameshika kofia mikononi. “Baba Paroko,” akauliza, “huku kwenu milimani kuna samaki?”

Wapo. Katika baadhi ya vijito vya baridi vya nyanda hizi za juu kuna trauti, samaki ambaye asili yake ni mito ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, na ambaye aliletwa huku wakati wa ukoloni. Hapa, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji ni baridi kiasi cha kumfaa. Nasi tulikuwa na fimbo ya kuvulia, zawadi ya mgeni mmoja, iliyokaa miaka nyuma ya kabati. Fimbo nene, nyeusi, yenye kigurudumu kikubwa cha kukunjia mshipi. Tuliionea fahari.

Mzee aliipokea, akaikandamiza ncha yake chini, akasema kwa upole: “Baba, hii ni ya sangara.” Tulimjibu kwamba fimbo ni fimbo. Kijana mmoja wa kutumikia misa alitufuata na mwanzi wake mrefu, na tulimwambia auache nyumbani asije akatutishia samaki. Hakutujibu, alikuja nao.

Yatupasa kueleza hapa jambo ambalo mzee alilijua kwa mikono yake. Fimbo ya kuvulia ina tabia mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni nguvu, yaani uzito unaohitajika hata ikubali kupinda. Ya pili ni mahali inapopindia: nyingine hupinda karibu na ncha tu na kurudi upesi, nyingine hupinda hadi katikati, na nyingine hupinda yote mpaka mkononi, polepole. Fimbo nyepesi yaweza kupinda nchani tu, na fimbo nzito yaweza kupinda yote. Moja haikuambii habari ya nyingine. Sangara wa Ziwa Victoria aweza kupita kilo 100, na fimbo yake hutengenezwa kwa kuvuta chambo bandia kikubwa nyuma ya mashua. Kwa kawaida, juu ya mpini huandikwa uzito wa chambo kinachoifaa fimbo. Tulikuwa hatujapata kuyasoma maandishi hayo.

Tulifunga kijiko kidogo cha bati, cha gramu kama 5, tukarusha. Kikaanguka karibu na viatu vyetu. Tukarusha kwa nguvu zaidi. Kikaingia kichakani ng’ambo. Sababu ni nyepesi: anayerusha chambo si mkono peke yake, ni fimbo iliyopinda na kujikunjua. Kijiko chepesi kisipoweza kuipinda fimbo, hakuna cha kujikunjua. Kinyume chake nacho kina hatari, kwani chambo kizito juu ya fimbo dhaifu huweza kuivunja.

Saa mbili zilipita hivyo. Mara moja tu trauti alishika. Tulivuta kama watu wa ziwani, fimbo haikupinda hata kidogo, na ndoana ikachomoka. Ndoana nene ya sangara yataka fimbo ngumu iisukume ndani ya taya. Ndoana ndogo nyembamba yataka fimbo laini inayomfuata samaki anaporuka, la sivyo nyama inachanika. Mzee alitazama maji, hakusema neno. Tulijua anafikiria kitanda cha wodini.

Ndipo kijana akaomba. Mwanzi wake ulikuwa wa jamii ile ile itoayo ulanzi (juu ya ulanzi leo hatusemi), mwembamba nchani, unaopinda wote mpaka kiganjani. Haukuwa na kigurudumu. Mshipi ulifungwa nchani, urefu wake ukikaribia wa mwanzi. Mwisho wake palikuwa na ndoana ndogo iliyovishwa unyoya wa kuku. Wajapani wana uvuvi unaofanana na huo kwa vijito vyao vya milimani, nao huuita tenkara. Unyoya hauna uzito wa kurushwa. Ni mshipi, ukipelekwa na mwanzi laini, unaoubeba na kuutua taratibu juu ya maji. Kijana alimpa mzee mwanzi, naye, ambaye hakuwa amevua kitu kidogo namna ile tangu utoto, akajaribu mara tatu. Mara ya nne mwanzi ukapinda mpaka mkononi mwake. Hakuvuta. Alimwacha samaki achoke.

Walipatikana wawili, kila mmoja urefu wa kiganja na nusu. Tukiwa njiani kurudi tulimwomba kijana msamaha, naye akaona haya kuliko sisi. Tulikumbuka pia kwamba katika Injili zote nyavu ndizo zinazotajwa, isipokuwa mara moja, katika Mathayo 17, Petro anapotumwa baharini na ndoana. Hatuambiwi fimbo yake ilikuwaje, wala kama alikuwa nayo.

Mama yule alikula samaki mmoja, akianza na kichwa, kisha akaomba uji. Waliporuhusiwa kwenda nyumbani tulimpa mzee ile fimbo nyeusi. Ilifungwa juu ya basi la Njombe kwa kamba ya katani, na ncha yake haikutikisika hata barabara ilipokuwa mbaya.