Wosia kwa Mwanangu Anayesubiri Cheti cha CNA

Mwanangu, nakuandikia ningali naiona mistari ya karatasi, maana umri huu hauna ahadi, na ninayotaka kukuambia si ya simu unayoipokea ukikimbilia basi. Nimesikia umemaliza kozi ya CNA, yaani ya wasaidizi wa wauguzi, na zile saa 75 ambazo sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inazitaka kwa uchache umezipita, lakini sasa umekwama kwenye uchunguzi wa rekodi za uhalifu na umeanza kusema bora urudi kiwandani kufunga maboksi. Usirudi. Kawia ufike.

Hujatuhumiwa na mtu, mwanangu. Sisi tulikupa majina matatu, lako, la baba na la babu, bila kujua kwamba huku watauliza la ukoo ni lipi. Kule kambini Nyarugusu karani akatanguliza la babu, siku ya kuzaliwa akaijaza Januari mosi kama alivyowajazia wengi wenzako, na kadi ya kijani ikatoka imepungua herufi moja. Kompyuta inaona watu wawili palipo na mmoja. Basi tandaza makaratasi yako yote mezani, angalia yanapopishana, na uyarekebishe moja moja hata kama itachukua miezi. Na vidole vyako vilivyolika kwa jembe na sabuni, mashine ya alama za vidole ikivikataa usione haya, rudi upimwe tena. Vikikataliwa mara ya pili, ofisi iliyokutuma inaweza kuiomba FBI itafute kwa jina.

Linaloninyima usingizi ni lile swali la kwenye fomu, kama umewahi kutiwa hatiani. Najua ule ugomvi wa ujana wako ulifika mahakamani, na najua wapo watakaokwambia uandike “hapana” kwa kuwa ni mambo ya zamani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sheria inazikataza nyumba za wazee kumwajiri aliyehukumiwa kwa kumtesa mgonjwa, kumtelekeza au kumwibia. Makosa mengine kila jimbo lina orodha yake, na mengi yanakupa nafasi ya kujieleza. Uongo wenyewe ndio utakaokufungia mlango uliokuwa wazi. Tena ujue kwamba shauri ambalo jimbo limelifuta, watu wa uhamiaji wanaweza bado kulihesabu. Kabla hujakiri wala kutia sahihi mahali popote, muone wakili wa uhamiaji, si yule fundi wa kujaza fomu anayesifiwa na kila mtu kanisani.

Na ukipewa fomu ya kazi, usithubutu kutia alama kwenye kisanduku cha raia kama hujawa raia. Kosa hilo dogo machoni pa kijana linaweza kukutoa nchini, na msamaha wake ni adimu mno. Wala usiazime jina la mtu, awe ndugu, awe rafiki.

Sikatai kwamba wanatuchosha. Kodi ya nyumba haisubiri majibu ya vidole, na aliyekimbia vita hawezi kurudi kudai cheti kwenye ofisi iliyoungua. Lakini nimewaogesha wazee hawa miaka mingi, mwanangu. Nimemgeuza bibi aliyepooza, asiyeweza hata kuniita, huku pete yake ya ndoa iko juu ya kimeza, na mlango umefungwa, tuko wawili tu. Ningekuwa mimi ndiye binti yake, ningetaka kujua ni nani aliyemo chumbani. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wewe ni mgeni anayestahili kufunguliwa. Kubali tu uulizwe jina lako mlangoni.

Utateleza, hilo nalijua, nami nitakupenda vilevile. Ila usiteleze kwa kukata tamaa. FBI humpa mtu nakala ya rekodi yake mwenyewe kwa dola 18, ukaona wanachokiona kabla hawajakuuliza, na ukikuta kosa, unadai lisahihishwe kwa polisi au mahakama iliyolipeleka. Hizo dola 18 nimezitia ndani ya bahasha hii. Barua ikikufikia, omba rekodi yako kwanza, kisha unipigie tuisome pamoja.