Kibanda Kinachovutwa: Kutoka Kibera Mpaka Kawangware

Kibera iko upande wa kusini-magharibi wa mji wa Nairobi. Jina lake limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, kwani askari Wanubi wa King's African Rifles waliokaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta miti mingi. Siku hizi mgeni haoni msitu. Aonayo ni mabati, moshi, watu, na vichochoro ambamo wawili waliobeba ndoo hawapishani pasipo mmoja kugeuka ubavu. Nchi yenyewe huteremka kutoka Kibera Drive kuelekea mtoni na Nairobi Dam, na tena hukatwa na reli iendayo Kisumu. Mteremko, vichochoro na reli: hayo matatu humjua vizuri kila mvuta mkokoteni, naye huyajua.

Mkokoteni, ambao wengine huuita rukwama, ni gari la magurudumu mawili, na aghalabu magurudumu hayo yalianza kazi katika motokaa ya mtu mwingine. Ekseli, beringi na rimu hununuliwa kwa wauza vipuri vikuukuu, kama wale wa Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, basi anayevuta mitungi 15 anavuta kilo 300, bila kuhesabu gari lenyewe. Breki ni kipande cha tairi kilichofungwa chini upande wa nyuma. Mvutaji akitaka kupunguza mwendo huinua mikono ya gari juu, nyuma ikashuka, na mpira ukakwaruza ardhi. Mpira ukiisha, hubaki miguu ya mtu.

Lakini iko mikokoteni isiyochukua maji, bali iliyojengewa kibanda juu yake, meza na paa pamoja, ili mfanyabiashara aende na duka lake jioni. Sababu haifichiki. Mwezi wa Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa kupisha barabara mpya, na maelfu ya watu wakahama. Vibanda vya kando ya njia navyo huondolewa mara kwa mara. Kilicho na magurudumu huweza kuondoka kabla ya kuondolewa.

Mama mmoja wa Gatwekera huuza samaki wa kukaanga karibu na Olympic kwa kibanda cha namna hiyo, na mwanawe ndiye mvutaji. Jioni moja walipokuwa wakirudi nyumbani, gurudumu moja lilipanda reli kabla ya la pili. Mikono ya gari iliruka juu ikamnyang'anya kijana, kibanda kikalala ubavu, na mafuta ambayo hayajapoa yakamwagika mguuni mwake. Samaki waliosalia waliokotwa na mbwa. Kwa siku kadhaa hapakuwa na biashara, wala fedha za dawa isipokuwa za kukopa.

Kijana alipoweza kutembea, walivuta gari hilo tupu mpaka Kawangware kwa fundi waliyeelekezwa. Walipita Toi, wakafuata Ngong Road hadi Dagoretti Corner, kisha wakaingia Naivasha Road. Huko njia ni nafuu kwa magurudumu, na mikokoteni ya miwa, ya mboga na ya maji hupita kutwa baina ya matatu zinazopiga honi. Mafundi hufanya kazi wazi kando ya njia. Jina la jua kali ni lao kwa haki.

Fundi yule hakushika nyundo kwanza. Alimwambia kijana apange jiko, meza na sufuria kama apangavyo kila siku, kisha akaishika mikono ya gari kwa vidole viwili. Ikapanda yenyewe.

"Mama," akasema, "gari hili halina ubaya. Ubaya ni mahali mzigo ulipokaa."

"Fundi, lakini tulilipunguza upana lipite kichochoroni."

"Na paa mkaliacha refu vilevile."

Hapo ndipo penye kisa chote. Ekseli ilikuwa imekatwa ikawa fupi, na hilo halikuwa kosa, maana gari lisiloingia kichochoroni halilali nyumbani. Lakini gari jembamba lenye mbao na mabati juu hupinduka upesi, na jiko zito lililowekwa nyuma ya ekseli huinua mikono kila penye mwinuko.

Katika nchi za baridi kali, kama Finland na Kanada, maziwa huganda, na wavuvi huvuta vibanda vyao juu ya barafu kwa gari lisilo na magurudumu, linaloteleza.  Shida yao moja ni theluji inayoshika chini. Mtu wa Kibera angeipokea shida hiyo kwa shukrani.

Fundi alifungua ekseli akaisogeza nyuma shibiri moja. Mbao za paa alizitoa zote, akachomelea vipande vya bomba ambamo nguzo nyepesi huchomekwa kazini na kuchomolewa safarini, na juu yake turubai badala ya mabati. Jiko akalishusha chini ya meza, karibu na ekseli. Kisha akafunga mpira wa breki mpya, mpana kuliko wa kwanza. Mizigo iliporudishwa, akaishika tena mikono kwa vidole viwili na kuiachilia. Ikashuka polepole.

Mama alilipa nusu. Iliyobaki ikaahidiwa Jumamosi. Walifika relini jua likizama. Kijana alisimama kwanza, akalielekeza gari ili magurudumu yote mawili yaguse chuma kwa pamoja, na mama akaweka bega nyuma. Likavuka.