Ukuta Haukauki kwa Wiki

Masika yakipamba moto, maji ya Darajani, Zanzibar, hayana pa kwenda. Zamani pale ulipita mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Umefukiwa, lakini mvua inateremkia palepale. Maji yanaingia majumbani, yanakaa siku mbili, yanatoka. Mwenye nyumba anafagia tope, anamshukuru Mungu. Mimi fundi naitwa miezi baadaye, lipu inapoanza kudondoka.

Mpita njia haoni kwamba ukuta wa nyumba hizi za kale si jiwe moja. Ni nyuso mbili za mawe ya matumbawe, na katikati kifusi, udongo na chokaa, unene nusu mita na zaidi. Ukishalowa, udongo wa kati unashuka polepole na ukuta unatoa tumbo.

Bibi mmoja aliniita baada ya fundi mwingine kumpigia lipu ya saruji ukuta wa chini. Ulikuwa umenyooka na umepakwa rangi. Nikaugonga, ukalia kama debe tupu. Nikatia tindo, saruji ikabanduka bamba zima. Nyuma yake lipu ya kale imekuwa unga wa chumvi, mbichi. Saruji haipumui. Unyevu ulikosa pa kutokea, ukapanda mpaka kwenye boriti. Katikati ya chumba boriti zile ni ngumu kama chuma. Ncha zake zilizozama ukutani nilizichoma bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini.

Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba la 1883, iliporomoka ukarabati ukiendelea, wakafa watu wawili. Tangu siku ile sigusi ukuta wenye tumbo kabla sijaupiga mirunda.

"Wiki ngapi, mwanangu?" bibi akaniuliza. Nilimwambia kweli: saruji yote itoke, ukuta ukae wazi kiangazi kizima. Ndipo tupige chokaa iliyolowekwa shimoni miezi, tabaka jembamba, tungoje lishike, tuongeze jingine. Chokaa hukazwa na hewa, haisukumwi. Na boriti za mkoko zilizonyooka, za urefu ule, siku hizi ni za kutafuta kwelikweli.

Akahamia kwa mwanawe. Wiki ya sita akaja kutazama, akaweka kiganja ukutani, akakitoa, akakipangusa kwenye kanga. Kilikuwa kimelowa.