Tulivyolala Uwanjani Bujonde

Joto la Kyela la Oktoba na Novemba halina huruma. Ziwa Nyasa halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, milima imetuzingira kaskazini na mashariki, na nyumba yetu ya matofali na bati ilitunza jua la mchana mpaka usiku wa manane. Kwa hiyo mpunga ukishavunwa, mvua zikiwa bado, baba alikuwa akitutoa nje watoto wote tukalale uwanjani.

Shughuli ilianza jua likiwa bado juu ya michikichi. Mama alifagia uwanja, akaunyunyizia maji vumbi litulie. Baba alichimbia miti minne, akafunga chandarua, akatandika mikeka ya ukindu. Kisha akaenda upande unakotoka upepo, akamwaga pumba za mpunga alizozichukua mashineni na kufukia kaa la moto katikati ya rundo. Pumba hazitoi ndimi za moto. Zinaliwa kutoka ndani, polepole, rundo likibaki limesimama vilevile ila linageuka jeusi, na moshi wake unatambaa chini chini hadi alfajiri. Ulituchoma macho, lakini mbu waliuogopa. Hata hivyo mama hakuutegemea moshi peke yake. Malaria ilikuwa imeshaingia kila nyumba ya jirani tuliyoijua, naye alizunguka mwenyewe akikunja pindo la chandarua chini ya mkeka, akimkemea yeyote aliyetoa mguu.

Tulikula ndizi za kuchoma na usipa waliokaangwa kwa mafuta ya mise. Ikiwa siku hiyo kakao imepasuliwa, tuligawiwa mbegu chache tufyonze ule utando mweupe, mtamu, wenye uchachu kidogo, tukagombana nani kapewa iliyonona.

Halafu babu alikuja. Kikohozi chake kikisikika tu kwenye migomba, mama aliinuka akaingia ndani, maana kwa Wanyakyusa mke wa mtu haonani na baba mkwe wake. Hakufunga dirisha. Sisi tulijua yuko pale gizani, anasikiliza.

Babu hakusimulia habari za sungura. Alisimulia habari zake. Zamani mvulana akifika miaka kumi hivi, aliacha kulala kwa wazazi. Yeye na wenzake wa rika lake walijijengea vibanda vya matete pembeni, wakalala huko kila usiku. Mchana walifanya kazi za baba zao, na wakati wa kula walikwenda kundi zima kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipokua na kuoa, pale ndipo palipokuwa kijiji chao. Miaka mingi baadaye niliikuta desturi hiyo katika kitabu cha Monica Wilson, *Good Company*, kilichotoka 1951. Yeye na mumewe Godfrey waliishi kwetu miaka ya 1930 wakiichunguza. Ameueleza utaratibu wote vizuri sana. Babu alitueleza kuhusu usiku wa kwanza: jinsi walivyolala wameshikana mikono kwa hofu ya chui, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukimbilia kwa mama yake.

Kitinda mimba wetu akauliza, "Babu, hukulia?"

"Nililia, baba. Tena kwa sauti."

Dirishani mama aliangua kicheko. Babu akakohoa, akatazama upande wa pili kama aliyesikia upepo, akaendelea. Mpaka leo sijaona heshima iliyobeba upendo mwingi kama ule, kati ya watu wawili ambao hawakuwahi kukaa jamvi moja.

Alipoondoka, mama alitoka akalala kati yetu, na baba akatuonyesha Kilimia juu ya Milima ya Livingstone. Mambo ya nyota aliyamaliza upesi. Alichotaka tukijue ni kusikiliza. Mvua hutangulia kunyesha Rungwe, alituambia, na mito yetu inashuka kutoka huko, kwa hiyo mto unaweza kujaa Kyela bila tone moja kuanguka kwetu. Alitunyamazisha, akatuuliza mmoja mmoja: vyura wako upande gani, maji yanavuma au yanapita, ile ngurumo iko mbali kiasi gani? Alikuwa ameyaona mafuriko yakichukua mpunga, na alitaka watoto wake wawe na masikio kabla ya kuwa na mashamba.

Mwaka mmoja mvua ilitukuta hapohapo uwanjani. Ngurumo ilihama kutoka kaskazini ikasimama juu yetu, na mama akapiga kelele, "Mikeka! Mikeka kwanza!" Tulikimbia tukiburuta chandarua kwenye tope, rundo la pumba likafuka mvuke, na kitinda mimba akalia akitaka kurudi nje. Kulipokucha baba alikwisha kuwafunga ng'ombe plau, na sisi tukapewa kazi ya kuwaongoza.